Kovu la Wavorashi

Burbank, Agosti. Feni inazungusha vumbi la plasta,
na mimi nina wiki tatu za kubadili sura ya taifa zima.

Taifa la kubuni, najua. Lakini lina miaka thelathini na nane,
lina maombolezo yake, lina adabu yake ya kukataa kiti,
lina watu wazima huko Ohio
waliofunga ndoa kwa viapo vyake.

"Wafanye waaminike," kasema Lindqvist, mtayarishaji mpya.
"Kamera za leo zinaona hadi kinyweleo.
Ondoa mpira. Sawazisha paji.
Wape matamvua shingoni, wape ngozi ya chura,
wape lenzi nyeusi, jicho zima, pasiwe na cheupe."
Kipya kinyemi, nikasema moyoni,
nikameza nusu iliyobaki.
Mdomoni nikasema: Sawa.

Usiku nikashusha kalibu ya kwanza kutoka rafu ya juu,
ya mwaka ule wa bajeti ya njaa,
Verlon Stuckey alipowafinyanga kwa siku nne
kwa udongo wa chekechea, trei za mayai
na manyoya ya farasi aliyoyachomoa kwenye sofa la mkewe.
Walikuwa wabaya wa kipindi kimoja tu:
waingie, wangurume, wafe kabla ya tangazo la sabuni.
Majitu, muswada uliwaita.
Majitu yamekuja. Majitu yamekufa.

Ila Verlon hakuwa na fedha za lenzi,
na ndani ya jitu la tatu kutoka kushoto
alikuwamo Desmond Tharpe,
aliyemzika mama yake Fresno siku mbili nyuma
akarudi kazini kwa sababu ya kodi ya nyumba.
Jitu likaanguka. Mpiga picha akachelewa kukata.
Jitu likatazama.

Barua zikaja kwa magunia.
Msimu wa pili muswada ukaandika: Wavorashi wamekuja.
Kiambishi kidogo vile, wa,
nacho kikafanya kazi iliyoushinda mpira.

Sasa hili shimo, juu ya nyusi ya kushoto.
Kila Mvorashi analo, wake kwa waume, hata vichanga.
Mashabiki wanaliita Kovu la Kiapo;
wapo waliojichanja.
Leo, kwa tochi na miwani ya mkuzo, nimeona mistari ndani yake,
mizunguko myembamba kama ya kisiki.
Ni kidole gumba.
Verlon aliteleza. Au simu ililia.
Au ilikuwa saa tisa ya usiku
na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuziba.
Nikatia gumba langu. Likapwaya.

Jumanne Desmond alikuja kupimwa kichwa.
Sabini na sita, goti la chuma,
bado anakaa kitini kama balozi wa sayari.
Nikamwonyesha uso mpya kwenye kompyuta,
nikauzungusha, nikaufumbua, nikaufanya upumue.
Alinyamaza muda mrefu.
"Mzuri," akasema. Kisha:
"Siranush, nikilia, itapitia wapi?"

Nikatazama. Matamvua, magamba, unyevu wa bandia,
na ile miviringo miwili meusi, iliyofungwa kama maduka ya Jumapili.

Sikumjibu. Nikampaka plasta,
nikamwachia matundu mawili ya pua
na nikamshika mkono mpaka ilipokauka.

Basi ngozi ya chura nimewapa; ndiyo niliyolipwa.
Matamvua nimewapa, na si mabaya,
yanatetemeka wanaposema uongo.
Hesabu ya lenzi nilipoipeleka niliongeza sifuri moja.
Lindqvist akaifuta kwa kalamu nyekundu, mwenyewe,
akanipongeza kwa kubana matumizi.

Limebaki paji.
Laini, sawa, kama alivyoagiza.
Udongo bado mbichi, kila mtu amekwenda kulala,
saa ya ukutani inasema tisa kasoro,
na mimi, mwenye mkono usiotikisika miaka kumi na tisa,
juu ya nyusi ya kushoto

nikateleza.